Haki ya Bibi Mzaa Mama

Siku mwanangu aliponiambia kuwa anaolewa tena, nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, na sikuinuka. Nilimuuliza jambo moja tu: mtoto je? Akaanza kukunja ncha ya kanga yake na kuikunjua, nami nikajua kuwa harusi ilikuwa imeshapangwa zamani, na kilichomleta jikoni ni hilo swali langu. Nikaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, kwa hasira tu, maana nazi yenyewe ilikuwa imekwisha.

Nitaeleza, kwa sababu si kila msomaji ni wa kwetu. Mwanangu huyo ni wa pekee. Aliachwa na mumewe wa kwanza, mwenye duka la viatu Mlandege, akarudi kwangu Mji Mkongwe na binti yake mdogo, nasi tukawa watatu katika vyumba vyangu vya juu. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Nilikuwa nimestaafu ualimu, na nilishaanza kuzungumza na redio. Mtoto yule alipokuja aliniondolea redio. Alikuwa akiniuliza maswali tangu anapoamka, na mimi nilisomesha maisha yangu yote, kwa hiyo maswali ndiyo chakula changu. Wakati mama yake alipoposwa mara ya pili, alikuwa wa miaka sita.

Kwetu sisi jambo la mtoto lina kanuni, na mtaani kila mtu anaijua hata asiyejua kusoma. Wazazi wakiachana, mtoto mdogo hukaa na mama yake mpaka afike umri wa kupambanua. Hiyo haki ya kulea ndiyo tunayoiita hadhana. Lakini mama akiolewa na mtu baki, asiye na nasaba na mtoto, haki inamtoka. Jirani yangu wa chini alinieleza hayo huku akipepeta mchele, kana kwamba mimi ni mgeni wa dini. Akasema mwanangu angekuwa na akili angeolewa na ami yake mtoto, mambo yakabaki ndani ya nyumba. Nikamwambia ami yake mtoto ana wake wawili na kikohozi. Akasema kikohozi hakibatilishi ndoa.

Mume mpya alikuwa mtu wa Kiwengwa, mpishi katika hoteli ya huko, mpole, hana maneno. Sikuwa na la kumtia kasoro, na nilitafuta. Ndoa ikafungwa bila ya shamrashamra, na haikupita muda baba wa mtoto akanitumia salamu kupitia kwa shangazi yake. Zilikuwa salamu nzuri mno, na salamu nzuri mno huniogopesha. Alisema ananiheshimu, hana ugomvi na mtu, ila kwa kuwa mama wa mtoto sasa ana mume, yeye atakwenda mahkama ya Kadhi kumdai mwanawe.

Mwanangu alilia siku mbili. Siku ya tatu kaka yangu alikuja kutoka Mkokotoni na kikapu cha dagaa, akakaa sebuleni, akatuambia tusipoteze machozi. Alisema watu wengi hukosea hapa: wanadhani haki ikimtoka mama inakwenda kwa baba. Haiendi. Inakwenda kwa mama yake mama. Akaninyooshea kidole. Kwa hiyo mimi ndiye nitakayesimama mbele ya Kadhi na kumdai mtoto, na nikishapewa, mtoto ataondoka zake na mama yake kwenda Kiwengwa. Nani atakayepanda ngazi zangu kuja kuangalia nani kalala wapi? Wote wakacheka. Mwanangu akanibusu mkono. Mambo yakawa yameshapangwa, dagaa wakaoshwa, na hapana aliyeniuliza kama mimi nilikuwa namtaka mtoto kweli.

Nilikuwa namtaka. Bora niseme wazi. Nilipokuwa naosha wale dagaa nilikuwa nafikiri tangu sasa nani ataniuliza kwa nini dagaa wana macho makubwa. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kuwa nyumba ikibaki na mtu mmoja, hata maji ya kunywa huchoki kuyachota, lakini unachoka kuyanywa. Sikumwambia mtu.

Tukaenda mahkamani. Ukumbini kulikuwa na benchi refu, na juu ya benchi hilo mume na mke wasiosemezana, kila mmoja ncha yake, na mtoto wa kiume katikati. Mama akimpa biskuti, baba akimpa juisi. Mama akitoa kitambaa kumfuta mdomo, baba naye akitoa chake. Mtoto alikuwa ameshiba mpaka anatweta, na bado walikuwa wanampa. Nilimtazama mwanangu, aliyekuwa amemsuka binti yake asubuhi ile misuko mipya midogomidogo, safi, kila mstari umenyooka, na nikaona kuwa sisi tulikuwa na bahati kidogo.

Kadhi alikuwa mdogo kuliko mimi. Alipoingia aliniona, akaniamkia shikamoo kabla hajakaa. Nikamjibu marahaba, kisha nikaingiwa na wasiwasi kama marahaba ile imeharibu kesi.

Nilikuwa nikidhani atasoma aya, atoe hukumu, twende zetu. Haikuwa hivyo. Aliuliza mambo ya jikoni. Alimuuliza baba wa mtoto, ukiwa dukani mtoto anabaki na nani? Na mama yangu. Mama yako hali yake? Ana maradhi ya miguu. Nani atamkogesha? Dada yangu. Dada yako anakaa hapohapo? Hapana, kwa mumewe, lakini huja. Huja lini? Yule bwana akakohoa. Nilimwonea huruma, maana nilimjua ni mtu mwema, na aliachana na mwanangu kwa sababu wote wawili ni wakaidi, wala si kwa ubaya.

Kisha zamu yangu. Nikaapishwa, mkono wangu juu ya Mushaf, kuwa nitasema kweli. Akaniuliza umri, macho, presha, na zile ngazi zangu. Nani anampeleka mtoto skuli, nani anampeleka chuoni kusoma Kurani. Akaniuliza kama napiga. Nikamwambia nilikuwa mwalimu. Akaniangalia, akalirudia swali. Nikamwambia kwa sasa sipigi.

Halafu akaweka kalamu chini.

"Na mtoto atalala wapi, bibi?"

"Kwangu."

"Si Kiwengwa?"

Hakuwa mjinga yule. Nyuma yangu nilimsikia kaka yangu akijikuna ndevu. Mkono wangu ulikuwa umeshatoka juu ya Mushaf, lakini bado nilikuwa nausikia ubaridi wa jalada lake.

"Kwangu, sheikh," nikasema. "Kwa kiapo changu. Atalala kwangu, atakula kwangu, na nitamlea mimi."

Nikapewa. Baba apewe nafasi ya kumwona, mama apewe nafasi ya kumwona, na hadhana ni ya bibi mzaa mama mpaka mtoto afike umri wa kuulizwa mwenyewe. Baba wa mtoto hakubisha. Alikuja kunishika mkono, akasema kheri, mama. Sikuelewa kwa nini hakubisha.

Mchana uleule mwanangu alikuwa chumbani anapanga nguo za mtoto katika begi. Nilisimama mlangoni. Aliniambia nimpishe, gari ya mumewe inasubiri Darajani na mtu hawezi kuegesha pale zaidi ya kidogo.

"Begi lako tu," nikamwambia. "La mtoto liache."

Alidhani namtania. Mimi hutania, si mara nyingi, na watu huchelewa kujua. Alipoona sicheki, akakaa juu ya kitanda. Akasema, mama, nipe mwanangu. Nikamwambia mwanao nshaapa juu yake. Akasema kile ni kiapo cha mahkamani tu, kila mtu anaapa pale. Nikamjibu basi kila mtu atajibu lake, mimi changu nilikisema mbele ya Mwenyezi Mungu kabla sijakisema mbele ya Kadhi, na sina umri wa kuchezea mambo hayo. Akaniuliza, sasa kwa nini sikusema tangu siku ya dagaa? Akanitazama, na nikaona kuwa amejua. Alijua kuwa kiapo ni kweli, na kuwa nyuma ya kiapo kuna mwanamke anayeogopa nyumba yake mwenyewe.

"Umenishinda kwa haki yangu," akasema. "Haki ilipita kwangu ndio ikafika kwako."

Akabeba begi lake, akashuka. Mtoto alikuwa sebuleni anachora, akadhani mama yake anakwenda dukani.

Hapo ndipo ulipoanza mwaka wangu mgumu kuliko miaka niliyofiwa. Mtu angedhani nilikuwa nimepata nilichokitaka. Mtoto alikuwa kwangu. Nilimwamsha, nilimlisha boflo na chai, nilimpeleka skuli kwa mguu kupitia vichochoro vyetu, nikamrudisha, nikampeleka chuoni. Lakini maswali yalikwisha. Hakuwa mkaidi, hakuwa mtundu. Alikuwa ana adabu kama mgeni. Aliomba ruhusa kunywa maji katika nyumba aliyokulia. Alikula nilichompa, akasema ahsante, akaosha mikono, akaenda kukaa juu ya ngazi, kidato cha juu kabisa, mikono juu ya magoti. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba, na upweke wangu ukawa mkubwa kuliko nilipokuwa na redio.

Mwanangu hakuja. Alimpigia mtoto simu kila jioni, na mimi nilikuwa naishika ile simu kwa vidole viwili nampa, kisha naondoka. Kupanda ngazi zangu alikataa. Alimwambia mjomba wake hatokwenda kuombea mwanawe mlangoni. Nami nikasema siendi Kiwengwa kubembeleza mtu niliyemzaa, aje yeye. Wahenga wanasema fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Sisi tulikuwa majike, lakini nyasi hazikujua tofauti.

Nyasi zenyewe niliziona kwenye nywele. Ile misuko ya siku ya mahkama, mtoto hakutaka ifumuliwe. Wiki ya kwanza nilimwambia njoo nikusuke, akasema bibi, bado mizuri. Wiki ya pili bado mizuri. Nywele zikaota chini, misuko ikalegea, ikaanza kushikana, na yeye akawa analala na mtandio ili isiharibike. Skuli huvaa ushungi, kwa hiyo hapana aliyeona, mpaka mwalimu wake aliponisimamisha langoni akaniambia kwa upole kuwa mtoto anajikuna sana darasani. Mimi, niliyewasimamisha wazazi wangapi langoni kwa ajili ya vichwa vya watoto wao, nikasimamishwa. Nilirudi nyumbani nimekasirika.

Nikamkalisha kitako kati ya magoti yangu, nikachukua mafuta ya nazi na kitana. Hakukataa. Nikaanza kufumua. Niliuliza kwa ukali kwa nini ameacha kichwa kikawa hivi. Akasema, "Hizi kasuka mama." Nikamwambia mama atakusuka nyengine. Akauliza lini. Nikaendelea kufumua. Ilikuwa inamuuma, nilijua inamuuma, na hakutikisika hata mara moja. Nilipofika nyuma ya sikio, akasema kwa sauti ya kawaida, bila ya kulia:

"Bibi, mimi nimekosa nini?"

Nikamwambia hujakosa kitu. Akasema basi. Akaninamishia kichwa nimalizie. Kitana kikanianguka. Nimesomesha watoto mpaka nikawasomesha watoto wao, nimesikia kila neno ambalo mtoto anaweza kumwambia mkubwa, na neno lile sikuwa na pa kuliweka. Alikuwa anadhani anaadhibiwa. Miezi yote ile alikuwa anakaa kwangu kwa adabu akisubiri adhabu iishe.

Siku ya pili, nilipokwisha kumfikisha skuli, nilikwenda mahkamani peke yangu. Sikuwa na kesi, nilikaa tu kwenye benchi mpaka Kadhi aliponiona akaniita. Nikamwambia nimechoka na haki yangu, naweza kumpa mwanangu? Akasema si kanga hiyo nimpe nimtakaye. Nikiiacha mimi, atatazamwa mwengine, na baba atasimama tena kudai. Nikamwambia basi hapana njia. Akasema ipo. Baba wa mtoto akiridhia mtoto akae kwa mama na mume wake, na yule mume akaridhia kumpokea, hapana atakayemnyang'anya mama. Tatizo ni wahusika kuridhiana, na hilo halijawahi kumshinda Kadhi kama linavyowashinda watu wenyewe.

"Mnaigombania haki hii kama yenu," akasema. "Ya mwanzo ni ya mtoto."

Nilitaka kumjibu, maana sipendi kufundishwa, lakini nikaaga.

Nikaenda Mlandege. Kwa mguu si mbali, lakini nilizunguka sokoni Darajani mara mbili, nikauliza bei ya ndizi nisizozihitaji, ili nichelewe kufika. Duka la mkwe wangu wa zamani ni jembamba, viatu vimetundikwa mpaka juu ya dari, na ndani yake mna harufu ya mpira mpya. Alipoiona sura yangu mlangoni akaruka kutoka kwenye kiti chake. Shikamoo mama, karibu mama. Akanikalisha kwenye kigoda wanachokalia wateja wakijaribu viatu, akaagiza soda. Nikakaa pale chini, yeye amesimama, na hali ile haikunipendeza hata kidogo.

Nikamweleza. Sikuzunguka. Nilimsimulia nywele, nilimsimulia ngazi, na lile swali. Aligeuka akapanga maboksi ambayo yalikuwa yameshapangwa. Kisha akasema kuwa yeye hakuwa na nia ya kumtenganisha mtoto na mama yake. Alichokiogopa ni mtoto kulelewa na mtu asiyemjua. Mimi ananijua, ndiyo maana aliponisikia naapa alinyamaza. Nikamwambia yule mtu mimi nimemwona: alipokuwa akija kwangu kabla ya kesi kwisha, alikuwa akila anaosha sahani yake mwenyewe, na akiingia humwamkia mtoto kwanza kabla hajaniamkia mimi, jambo lililonikera sana. Akatabasamu kidogo. Alimjua mama mkwe wake kuwa hasifu mtu.

Mteja aliingia, akauliza ndara, akatoka. Tukabaki tena wawili.

"Na wewe, mama?" akaniuliza. "Utabaki na nani?"

Hapana aliyewahi kuniuliza hivyo. Si kaka yangu, si mwanangu, si jirani. Aliniuliza mtu ambaye alikuwa hana wajibu nami tena hata wa salamu. Macho yakanijaa, na kwa kuwa sipendi kulia mbele za watu, nikamjibu vibaya. Nilimwambia nitabaki na akili zangu, na yeye atazame duka lake. Hakukasirika. Akasema haya mama, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ataonana na yule bwana wa Kiwengwa, wazungumze kiume, na kama moyo wake utatulia, ataridhia. Yeye atataka Jumamosi na Jumapili, na nusu ya likizo. Nikasema ni haki. Nikainuka kwenye kile kigoda kwa taabu, akanishika mkono, na soda sikuinywa.

Walionana. Moyo wake ukatulia. Tukarudi mahkamani sote, na safari hii mwanangu alikaa benchi moja na mimi, ingawa katikati yetu alikaa mtoto. Mbele ya Kadhi kila mmoja aliulizwa kwa zamu. Baba, umeridhia? Nimeridhia. Wewe bwana, umeridhia kumpokea mtoto huyu nyumbani kwako? Nimeridhia, na kumkaribisha. Bibi, wewe ndiye mwenye hadhana, unaiacha kwa hiari yako? Nilikuwa nimejitayarisha kusema kwa sauti ya darasani. Ilitoka ndogo, mpaka karani akanitaka nirudie. Nikarudia.

Karani akasoma mapatano. Siku za mama zikatajwa. Siku za baba zikatajwa, Jumamosi na Jumapili, tena likizo nusu kwa nusu, Idi ndogo kwa huyu na Idi kubwa kwa yule. Nani atamchukua na nani atamrudisha. Nilikuwa nasikiliza kama mwalimu asikilizavyo orodha ya majina, nasubiri langu. Orodha ikaisha. Sikutajwa. Hawakunisahau kwa ubaya. Mahkama hugawa mtoto kati ya wazazi, na mimi si mzazi. Nilipokuwa na hadhana nilikuwa na siku zote. Nilipoiacha, sikuwa na hata moja.

Kadhi akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Akanitazama mimi, nadhani alikuwa ananifungulia mlango. Mtoto alikuwa ameshamkalia mama yake mapajani, kichwa kifuani, na mama yake anaziangalia zile nywele nilizosuka mimi, anazipitishia vidole, anaona kuwa mistari yangu haikunyooka. Nikasema, "Hakuna, sheikh."

Nje mwanangu alinikumbatia, akalia, akaniambia nimsamehe na yeye amenisamehe. Akasema nije Kiwengwa wakati wowote. Sisi watu wa mji tunajua maana ya wakati wowote. Anayekutaka uje hukuambia siku, hukuambia njoo Alkhamisi nitapika pweza. Mwaliko usio na siku ni adabu, na mtu mwenye adabu haufuati. Nikamwambia inshallah. Begi la mtoto nilikuwa nimeshalifunga tangu asubuhi, nikaliweka mwenyewe ndani ya gari. Mtoto akanipungia mkono kwenye kioo, anacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu kesi ya mwanzo. Nilifurahi. Nilifurahi, kisha nikarudi nyumbani nikapanda ngazi zangu, na nikajuta. Yote mawili ni kweli, na sitaki mtu aniambie kuwa moja linafuta jengine.

Sasa ni mwaka wa pili. Mwanangu hunipigia simu, tunazungumza vizuri, maneno ya hali ya hewa na bei ya samaki. Sijakwenda Kiwengwa, na siku bado haijatajwa. Jirani wa chini ananiambia niombe. Nimwombe nani? Nikiomba siku, nitakuwa nampunguzia mama au nampunguzia baba, na wote wawili nimewaona walivyogombania kila saa.

Lakini Jumamosi mtoto huwa kwa baba yake, na baba yake Jumamosi huwa dukani, na duka lile ni la watu wote. Mtu yeyote anaweza kwenda Mlandege kununua kiatu. Nilianza na ndara za chooni. Kisha makubadhi. Kisha viatu vya kufunga, ambavyo sivivai, miguu yangu inavimba. Sasa nina viatu vingi kuliko safari. Baba yake mtoto hajaniuliza kitu hata siku moja. Akiniona nakuja, husema mama karibu, halafu hukumbuka kuwa ana mzigo wa kuupanga stoo nyuma, na hukaa huko muda mrefu.

Jumamosi iliyopita mtoto alikuwa amevaa miwani ya jua ya baba yake, anasimamia duka. Meno mawili ya mbele yameng'oka. Aliniona, akajifanya hanijui, kama wafanyavyo watoto wakicheza. Akaniambia, "Karibu, bibi. Kaa." Nikakaa kwenye kigoda. Akaniuliza natafuta cha aina gani, cha harusi au cha kawaida. Nikamwambia cha kawaida. Akapiga magoti mbele yangu, akanivua kiatu changu, akaupangusa mguu wangu kwa kiganja chake, akanivisha kingine taratibu, akakaza mkanda. Kisha akainua uso akaniuliza kama kinanikaa.

Kilikuwa kinanikaa sawasawa. Nikamwambia kinanibana, anitafutie kingine.